Ambulensi ya Mzee wa Glenwood

Nilifahamiana na yule mzee kwa sababu ya tusi. Ilikuwa mwaka 2009, na mimi nilikuwa nalinda magari kwenye maduka ya Glenwood, kazi ambayo Wakongomani wengi wa Durban tumeifanya. Unavaa kizibao cha manjano, unamwonyesha mtu nafasi ya kuegesha, unasimama juani mpaka arudi. Akitaka anakuachia sarafu, asipotaka anapandisha kioo. Asubuhi hiyo mwanamke mmoja alirudi nyuma bila kutazama, tairi likanipitia kwenye vidole vya mguu. Niliruka pembeni nikamtukana kwa Kiswahili, tusi kamili la kwetu Uvira, nikijua hakuna atakayeelewa. Nyuma yangu mtu akacheka.

"Hiyo neno mbaya sana," alisema. "Mama yako napiga wewe kama nasikia."

Niligeuka. Alikuwa mzee wa Kizungu, mrefu, amevaa kaptula ya kaki, amekaa ndani ya jipu la jeshi la zamani lisilo na paa wala milango. Aliniambia alizaliwa Kenya, upande wa Nakuru, na wazazi wake walihamia Natal, jimbo hili la Durban, yeye akiwa na miaka kumi na saba. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashamba ya walowezi, amri tupu: leta, funga, haraka, wapi chai. Hakuwa na "tafadhali" wala "samahani," maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba angeyahitaji maneno hayo. Lakini alikisema kwa furaha kiasi kwamba nilishindwa kumchukia.

Injini ya jipu lake ilikuwa inakohoa. Nilimwambia kabureta inavuta hewa mahali pasipotakiwa. Alikitazama kizibao changu, kisha akanitazama mimi.

"Wewe iko fundi?"

"Nilikuwa."

Baba yangu alikuwa na gereji Uvira, na mimi nilikulia chini ya magari ya watu. Vita vilipokuja gereji ilikwenda na kila kitu kilichokuwa ndani yake. Sikumwambia hayo siku hiyo. Niliazima bisibisi yake, nikakaza skrubu mbili, injini ikatulia. Akaniandikia anwani yake nyuma ya risiti ya mkate.

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa tatu kutoka pale, moja ya zile nyumba za zamani zenye baraza ya mbao. Mke wake alikuwa amefariki, na mwanawe wa pekee alikuwa Australia. Vyumba vya mbele aliwapangisha wanafunzi wa chuo kikuu. Nyuma kulikuwa na uwanja mrefu na banda la mabati, na ndani ya banda kulikuwa na maisha yake: majipu mawili, lori la kubebea askari, pikipiki yenye kiti cha pembeni, na mwisho kabisa, chini ya turubai, ambulensi ya jeshi ya wakati wa vita vya pili vya dunia. Aliikuta kwenye shamba moja huko bara, watu wamefugia kuku ndani yake. Mbao za ubavuni zilikuwa zimeoza, lakini msalaba mwekundu bado ulionekana.

Nikaanza kwenda kila Jumamosi, naye akinilipa kama fundi. Mimi na familia yangu tulikuwa tunakaa Greyville, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama uwanja wa mbio za farasi. Mke wangu alikuwa anasuka nywele kwenye saluni mjini, na Jumamosi ndiyo siku ambayo wateja hawamwachii hata nafasi ya kunywa maji. Hatukuwa na ndugu wa kumwachia binti yetu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wetu wa pekee. Kwa hiyo nilikwenda naye, na kitabu chake cha shule, nikamkalisha juu ya tairi na kumwambia asisumbue.

Jumamosi ya tatu nilipotoka chini ya lori sikumwona. Alikuwa amesimama mezani na yule mzee, mikono yote miwili myeusi, wanafungua kabureta ya ambulensi. Mzee alikuwa anampa majina ya vipande kwa Kiingereza, naye anampa kwa Kiswahili, vile alivyonisikia mimi nikiviita.

"Mtoto yako naona na vidole," mzee aliniambia.

Sikuelewa. Akafumba macho, akachukua skrubu na kuizungusha kwa ncha ya vidole, kunionyesha. Alitaka kusema kwamba binti yangu anajua kitu kwa kukigusa. Tangu siku hiyo akawa anamwita Fundi Mdogo, na yeye akamwita Babu.

Mke wangu hakupenda. Siku za vita kaka yake mkubwa alipandishwa kwenye lori la askari, mbele ya macho yake, turubai likafungwa, na hakuna mtu wa familia aliyemwona tena. Nilipomweleza kwamba kuna watu hapa Durban wanakusanya malori ya namna ile, wanayapaka rangi na kuyang'arisha, alinitazama kama nimemwambia wanakusanya nyoka.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Wanapenda."

"Wanapenda nini?"

Nilimwambia lile analofanyia kazi mtoto ni la hospitali, siyo la askari. Alimwacha aende, lakini yeye mwenyewe hakukanyaga kule.

Mzee alikuwa na chama, wazee kumi na wawili wenye magari ya kijeshi ya zamani. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka sitini na moja. Walikutana kwenye banda lake Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, wakakaa kwenye viti vya kukunja, wakanywa chai, na kila mkutano ulifika kwenye jambo moja: vijana. Nani atayatunza magari haya sisi tukiondoka? Mmoja alisema tuweke picha kwenye intaneti. Mwingine alisema vijana wa siku hizi hawataki kuchafuka, wanataka simu tu. Walifanya siku ya wazi, wakabandika karatasi kwenye nguzo karibu na chuo, wakachoma soseji. Wanafunzi walikuja wengi. Walikula soseji, wakapiga picha wamesimama kwenye boneti, wakaondoka.

Mkutano uliofuata wazee walikuwa na huzuni kweli. Mimi nilikuwa kando nasafisha plagi. Mzee akaniita mbele ya wote.

"Fundi. Wewe nasema nini?"

Nilisita. Sikuwa mwanachama, na mgeni akizoea kunyamaza, mdomo unakuwa mzito. Lakini aliuliza kweli, kwa hiyo nilisema, kwa Kiingereza ili wote wasikie, kwamba siku ile ya wazi nilihesabu vibao saba vya "Usiguse." Nilisema mimi sikuyapenda magari kwa kuyatazama. Baba yangu alinipa spana nikiwa na miaka sita na kuniacha niharibu. Nikasema, wapeni gari moja liwe lao la kuharibu.

Mzee akacheka kile kicheko chake, akasema kwa Kiswahili, ambacho wenzake hawakukielewa, "Sasa nasema kama mwanamume." Na wakakubaliana: ambulensi itakuwa gari la vijana.

Ule mwaka wa 2012 nauweka moyoni kuliko yote niliyoishi Durban. Niliwaleta vijana wanne kutoka kwaya ya kanisa letu la Kiswahili. Wakaja ndugu wawili kutoka mtaa wa Sydenham ambao baba yao alikuwa ananyoosha bodi za magari. Wakaja wanafunzi watatu wa vyumba vya mbele. Pamoja na binti yangu walikuwa kumi. Jumamosi asubuhi ungesikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, Kizulu, Kiingereza, na yule mzee katikati akipiga kelele, "Pole pole! Hapana piga kama ng'ombe!" Nilikuwa nimemfundisha kusema "tafadhali," na yeye akawa analiweka mwisho wa kila amri, hata pasipostahili. "Ondoka tafadhali." Vijana walimpenda. Waliivua ambulensi mpaka mifupa. Wale ndugu wa Sydenham waliziondoa mbao zote mbovu, wakachonga mpya. Mmoja wa kwaya alikuwa na mkono mzuri wa rangi, akauchora upya ule msalaba bila rula.

Kati ya wanafunzi alikuwepo kijana Mzulu aliyekuwa anasomea uhandisi. Huyo ndiye aliyekaa karibu zaidi na binti yangu. Walishindana kupanga valvu kwa sikio, mmoja anageuza, mwingine anasikiliza. Mzee alikuwa anawatazama kutoka kwenye kiti chake, na nilijua anachofikiri: kwamba hawa wawili watatosha.

Kisha ikaja Jumamosi moja ambayo mzee mmoja wa chama alileta gari lake jipya kutuonyesha. Lilikuwa la kivita, refu, chuma kitupu, madirisha membamba ya kioo kinene, moja ya yale yaliyokuwa yanaingia kwenye mitaa ya watu weusi wakati wa utawala wa zamani wa ubaguzi. Alikuwa amelipaka rangi ileile ya wakati ule. Alijivuna, na kusema kweli alikuwa amelifanyia kazi nzuri. Alifungua mlango wa nyuma akawaita vijana waje waone ndani.

Yule mwanafunzi hakwenda. Alisimama na kitambaa mkononi, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda bombani, akanawa mikono yake taratibu, mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayemaliza kazi kabisa. Nilimfuata.

"Unaondoka mapema," nilimwambia.

"Bibi yangu bado anaogopa mlio wa hilo gari," alisema. "Anasema ulikuwa unausikia kabla hujaliona. Nitamwambia niko wapi Jumamosi?"

"Lakini wewe unatengeneza ambulensi."

"Najua, baba." Aliniita baba, kwa heshima ya kwao. "Kazi hii naipenda. Lakini siwezi kusimama pale na kusema, eish, gari zuri."

Nilimfikiria mke wangu na lori la turubai, nikamwachia njia. Mzee alipojua alikwenda mwenyewe kugonga mlango wa chumba chake. Sijui walisema nini. Alirudi peke yake, akakaa, akaniambia kwa Kiingereza, lugha aliyoitumia akiwa na jambo zito, kwamba miaka yote amejiuliza kwa nini vijana hawaji, na hajawahi kujiuliza magari yenyewe yanawaambia nini. Alimwomba mwenzake lile gari lisirudi uani kwake. Mwenzake alikasirika, na wazee wawili wengine wakaondoka naye.

Baada ya hapo vijana walipungua mmoja mmoja, kila mtu kwa sababu yake, na hakuna aliyekuwa na kosa. Wa kwaya mmoja alipata kazi kwenye duka la simu, Jumamosi zikawa za bosi. Wawili walipata safari ya kuhamia Kanada na wazazi wao. Wale ndugu wa Sydenham walihama. Wanafunzi wakamaliza masomo. Kufikia katikati ya 2013 alibaki binti yangu peke yake.

"Moja tu," mzee alisema asubuhi moja, akitazama viti vitupu.

"Mimi siyo moja tu, Babu," binti yangu alimjibu kutoka chini ya gari. "Mimi niko hapa."

Na alikuwepo kweli. Alikuwa na miaka kumi na mitano sasa, mrefu kama mama yake. Ile injini hakuna aliyeijua kama yeye. Haikuwa na ufunguo wa kuaminika. Ilibidi kuiwasha kwa mkono, kwa kile chuma kinachoingia mbele, na mimi na mzee tulijaribu mpaka mabega yakauma. Yeye ndiye aliyegundua inavyotaka. Choki ya kubana hewa ifungwe nusu, robo ya mzunguko, ungoje upumue mara tatu, kisha uvute juu kwa nguvu moja, dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine. Siku ilipowaka mara ya kwanza banda zima lilijaa moshi wa buluu, mzee akavua kofia yake akaishika kifuani, na binti yangu akalia na kucheka kwa pamoja. Mzee alimfundisha kuiendesha palepale uani, mbele na nyuma, klachi mara mbili kila gia, mpaka nyasi zikaisha.

"Hii gari yako," mzee alimwambia. Nilisikia kwa masikio yangu. "Mimi nakufa, wewe nachukua."

"Babu, usiseme hivyo."

"Nasema. Yako."

Mwezi wa tisa mwaka huo binti yangu alimbembeleza mama yake mpaka akaja. Alikuja Jumapili baada ya ibada, na kitenge chake cha kanisani, akasimama mlangoni mwa banda bila kuingia. Alilitazama lile lori la askari lililokuwa karibu, nikamwona anashika ukuta. Binti akamshika mkono, akampitisha mpaka mwisho, akamfungulia milango ya nyuma ya ambulensi. Ndani kulikuwa na vitanda vinne vya kubebea wagonjwa, viwili juu na viwili chini, mbao mpya zinanukia. Mke wangu akapanda. Akakaa kwenye kitanda cha chini, akaweka viganja vyake juu ya turubai jipya. 

"Siku ile," alisema, "walikuja wale wa kuchukua watu. Wa kubeba watu hawakuja."

Kisha akamwambia mtoto wake, "Umefanya vizuri, maman." Akamwita hivyo, mama, jinsi sisi tunavyomwita mtoto wa kike tukimpenda.

Mwanzoni mwa 2014 mzee aliugua mapafu. Alikataa hospitali kwa muda mrefu, alilala chumbani kwake, dirisha likitazama banda. Nilikwenda kila jioni baada ya kuvua kizibao. Nilimnyoa ndevu, nikambadilishia shuka. Kiingereza kilianza kumtoka, kilichobaki ni kile Kiswahili cha utotoni, na mara nyingine alidhani mimi ni mtu mwingine, mpishi wa nyumbani kwao labda, akaniomba samahani kwa jambo nisilolijua. Hilo neno nilikuwa nimemfundisha mimi.

Alasiri moja alikuwa na akili timamu kabisa. Alinishika mkono.

"Fundi. Lete karatasi. Mimi nataka andika. Ambulensi ya Fundi Mdogo."

Kalamu ilikuwa pale mezani, karibu na dawa zake. Daftari lilikuwa kwenye droo, nililijua. Mimi nikasema, "Hakuna haraka, Mzee. Utapona. Pumzika kwanza."

"Andika tafadhali."

"Kesho, Mzee. Ukipata nguvu."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kwetu, mtu akiwa kitandani ukampelekea karatasi na kalamu, ni kama unamwambia umeshamwona kaburini. Nililelewa hivyo, na sikutaka aone usoni mwangu kwamba nakubali anakufa. Hiyo ni sababu moja, na ni ya kweli. Ya pili ni ya kweli vilevile: niliogopa. Niliwaza watu wakisema Mkongomani alikaa na mzee mgonjwa chumbani peke yao, akatoka na sahihi. Nilikuwa na kibali cha ukimbizi cha kuomba upya kila mara, na nilikuwa nimejifunza kukaa mbali na chochote kinachoweza kuulizwa maswali. Kwa hiyo nikamfunika vizuri nikamwambia kesho.

Asubuhi yake mwanafunzi mmoja wa vyumba vya mbele alimkuta hapumui vizuri, akaita gari la wagonjwa. Alikaa hospitali siku tisa bila kusema neno. Binti yangu alikwenda kila siku baada ya shule, akamsomea kwa sauti kitabu cha maelekezo ya injini, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kumsomea. Siku ya kumi kitanda kilikuwa kitupu.

Mwanawe alifika kutoka Australia. Sitamsema vibaya, alikuwa mtu mpole, mwenye huzuni, asiyejua bomba la maji liko wapi katika nyumba aliyozaliwa. Nilimwambia kuhusu ambulensi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yangu aliwaahidi watu vitu vingi," alisema. "Watu wanne wameshaniambia jipu ni lao. Kuna karatasi yoyote?"

"Hakuna."

"Basi nifanyeje? Nikimpa mmoja bila karatasi, nitamnyimaje mwingine?"

Aliuza magari yote kwa pamoja, kwa mtu wa ng'ambo mwenye jumba la maonyesho. Ambulensi ndiyo mnunuzi aliyoitaka hasa. Yale mengine aliyachukua kwa ajili yake. Tulikuwa tumeifanya nzuri mno.

Siku ya kuyapakia yule mwana wa mzee alinipigia simu kazini. Majipu yalikuwa yamepanda kwenye trela, lori pia, lakini ambulensi hakuna aliyeweza kuiwasha, na wanaume watano walikuwa wameshaisukuma nusu njia ikawashinda. Nilimwambia nakuja. Sikumwambia binti yangu. Lakini nilipofika nilimkuta pale amesimama, na sare ya shule na mkoba mgongoni. Yule mtoto wa mzee alikuwa amempigia pia, bila kujua anafanya nini.

"Wewe nenda nyumbani," nilimwambia. "Nitajaribu mimi."

"Wewe huwezi, Papa," alisema, na ilikuwa kweli.

Akaweka mkoba chini. Akafungua boneti, akarekebisha choki, akazunguka mbele akaingiza kile chuma. Robo ya mzunguko. Akangoja. Akavuta. Injini ikawaka mara moja, tulivu kabisa. Wale wanaume wakapiga makofi. Akapanda, akaingiza gia ya kwanza, na kuipandisha ambulensi kwenye mbao nyembamba za trela bila kutetereka hata kidogo. Alikuwa hajawahi kuiendesha nje ya uwanja ule. Hiyo ndiyo safari yake ndefu kuliko zote, kutoka bandani mpaka barabarani.

Akazima. Akakaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani. Kisha akashuka, akatoa daftari la hesabu mkobani, akachana ukurasa na kuandika, amesimama, akiegemeza karatasi kwenye tairi. Aliandika inavyowashwa, hatua kwa hatua, na mahali pa kuweka dole gumba ili isimvunje mtu mkono. Akampa dereva. "Mpe atakayeipokea," alisema. Mtoto wa mzee alimletea sanduku la spana za baba yake, zawadi. Binti yangu alimshukuru, akaliacha hapo barazani.

Tulitembea kurudi. Hatukupanda taxi, sijui kwa nini. Tulipofika kwenye robot, taa za barabarani, karibu na mjini, tukingoja kuvuka, akaniuliza.

"Babu alisema itakuwa yangu. Kwa nini hakuandika?"

Ningeweza kudanganya. Hakuna aliyekuwepo chumbani siku ile ila mimi na marehemu. Lakini alikuwa ametoka kufanya jambo ambalo mtu mzima angelishindwa, na niliona aibu kumdanganya. Nikamwambia yote, karatasi, kalamu, kesho.

Taa ikageuka kijani, watu wakatupita. Hakuvuka.

"Kwa hiyo alitaka."

"Alitaka."

"Na alikuomba."

"Alisema hata tafadhali."

Alinitazama, siyo kwa hasira. Hasira ningeiweza. "Papa," alisema, "ungesema tu ndiyo."

Hatujawahi kulizungumza tena. Mama yake alinilaumu kwa wiki moja, akalia, kisha akanisamehe kwa maneno, kama mke anavyosamehe. Binti yangu hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kuniamkia asubuhi, kunipakulia chakula, kunisaidia kujaza fomu za kibali. Lakini nikiinama kwenye injini ya mtu pale maegeshoni, yeye alikuwa anapita upande wa pili wa barabara. Alimaliza matriki, mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 2015 kwa alama nzuri. Mwalimu wake alimwambia angeweza kusomea uhandisi. Akasema hapana, akaenda Cape Town kwa dada wa mama yake, akaanza kazi ya saluni.

Wazee wa chama walibaki watano. Muda mfupi baada ya binti yangu kuondoka, mmoja wao alinitafuta maegeshoni. Alisema watajaribu tena siku ya wazi ya vijana, safari hii bila vibao, kila gari liguswe. Alikuwa anatembea kwa fimbo. Aliuliza kama yule msichana, yule hodari, angeweza kuja kuwaonyesha wenzake. Watamlipia nauli ya basi. Nilimwambia nitamuuliza.

Nilimpigia Jumapili. Aliniambia habari za saluni, za mama yake mdogo, za baridi ya kule. Nikamweleza. Upande wa pili kulikuwa na sauti za wanawake na mashine ya kukausha nywele, nazo niliendelea kuzisikia vizuri kabisa.

"Papa, mtandao unakata," alisema. "Sikusikii."

Nilimwambia amsalimie mama yake mdogo. Jumamosi iliyofuata nilikwenda peke yangu kuwasaidia wale wazee kupanga viti.